Sentensi Niliyoimeza Mbele ya Daktari

Mwanangu unayesoma haya, niache nikuite hivyo ijapokuwa kidevu changu bado kinasubiri unywele wa kwanza na kesho nina mtihani wa fizikia. Nilimdanganya mama yangu akiwa amekaa kando yangu, amenishika mkono.

Nakumbuka ilikuwa Jumanne. Mama alikuwa amekutwa na saratani ya mlango wa kizazi, bado changa, na daktari wa kumpasua alikuwa mgeni asiyejua Kirundi wala Kiswahili. Mama hajui Kifaransa. Mimi nakijua kiasi cha kufukuzwa darasani kwa utani, basi nikawa mkalimani.

Daktari akaeleza njia mbili. Ya kwanza, matundu madogo tumboni, kamera inaingizwa, baada ya siku mbili tatu mgonjwa yuko kwake. Ya pili, kufungua tumbo: kovu refu, wiki nzima hospitalini au zaidi. Hadi hapo nilitafsiri vizuri kabisa. Kisha akavua miwani, akasema polepole kwamba kwa ugonjwa kama huu, waliopasuliwa kwa matundu uliwarudia wengi zaidi kuliko waliofunguliwa tumbo, na waliofariki walikuwa wengi zaidi. Yeye angeshauri kufungua.

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Anasema zote ni sawa, mama. We chagua."

Na kwa kuwa sijui kunyamaza, nikaongeza: "Ila huyu naona anapenda kushusha injini nzima juu ya buji moja."

Sisi wa mtaa wa Buyenzi tumekulia katikati ya magereji. Fundi anayefumua gari zima kwa hitilafu ndogo kama ya buji, ile plagi ya kuwashia injini, tunamcheka mpaka kwa watoto wake. Mama akacheka, akachagua matundu. Daktari akaniuliza kama mama ameelewa kila kitu. Nikasema ndiyo.

Nitakuambia kwa nini. Baba alifariki nikiwa mdogo, nyumbani tuko wawili tu. Shuleni nina watu arobaini wa kuchekesha, nyumbani nina mmoja. Niliiogopa ile nyumba bila yeye, nikajiambia siku tatu nitaziweza.

Alhamisi, siku moja kabla ya upasuaji, mama alikuwa akinipigia pasi shati la shule.

"Mutoto wangu," akasema, "bila we wangenipasua tumbo bure."

Shukrani ile ilinichoma. Nikamwambia yote, macho yangu yakiwa sakafuni. Akaisimamisha pasi. Hakupaza sauti.

"Ulitaka nirudi upesi?"

"Ndiyo."

"Nirudi upesi, ao nikae na we miaka mingi?"

 Tukaenda hospitalini kwa miguu, nikaitamka kwa daktari ile sentensi niliyoimeza, kisha nikamgeukia mama nikaitafsiri. Mama akachagua kufunguliwa. Tarehe ikasogezwa hadi Jumatatu.

Alipasuliwa, akalazwa siku kumi na moja. Katika chumba cha wanawake mvulana halali, hivyo jirani yetu Mama Zaituni ndiye aliyebaki kumuuguza, mimi nikifika na chakula na kufukuzwa saa ya kutembelea wagonjwa ikiisha. Nyumbani nilipika wali wa watu wawili, nikala wa mmoja. Nikausimulia ukuta kituko cha mwalimu wetu, nikangoja. Niliwasha redio nikaizima, sauti ya mtu asiyenijua ilizidisha ukimya.

Majibu ya maabara yalikuja mazuri, ingawa ataendelea kupimwa. Basi, mwanangu, wakikuweka uwe kinywa cha mgonjwa, fikisha kila neno, hasa lile linalokutisha wewe. Na mkiambiwa mchague kati ya kovu dogo na kovu kubwa, kabla ya kuhesabu siku za kitandani ulizeni ugonjwa humrudia nani zaidi. Tumbo ni la mgonjwa, achague yeye akijua.

Siku aliyorudi, mama alikaa kwenye mkeka akishikilia tumbo, akaniita. Alisema hivi, neno kwa neno:

"Ile siku nilikukasirikia sana. Uongo nilishausamehe. Kilichoniuma ni kuona uliogopa peke yako, na mi nilikuwa pale pale pembeni yako. Usinifanyie tena. Mungu akukinge na woga wa peke yako, mwanangu, leo na siku mi sitakuwako."