Kibati cha Jiko la Alizeti

Kuna siku moja ya ujana wangu ninayoikumbuka vizuri, mwanangu. Nilikuwa karakana ya Singida mjini, kwenye mashine inayokata chuma kwa cheche za umeme. Chuma huzamishwa kwenye mafuta, waya hupita karibu yake bila kukigusa, na kila cheche huyeyusha punje ndogo mno.

Siku hiyo nilikata kibati cha aloi, mchanganyiko wa metali, inayokumbuka umbo. Ukikikunja kikiwa baridi, joto hukirudisha kilivyokuwa. Kilitakiwa kufunga gesi kwenye jiko la kupikia mafuta ya alizeti kule Ikungi, mafuta yanapozidi moto. Mpishi wa jiko hilo, Hamisi, alikuwa tayari na kovu la moto mkononi. Alikaa mlangoni akisubiri, akinitania kwamba cheche za Mnyiramba kama mimi nazo huota jua kwanza ndipo zifanye kazi.

Nikaongeza umeme. Kazi ya asubuhi nzima ikaisha upesi, lakini uso wa kibati ukatoka na mashimo. Nikausugua kwa msasa hadi ukang'aa.

Mama Salome, fundi mkuu, alipoingia nilimwamkia. Akaitikia huku akikigeuza kibati. Alikikunja, akakitumbukiza kwenye maji ya moto, akakipoza, akakikunja tena. Alirudia hivyo mara nyingi, mpaka kikakatika mkononi mwake. Ufa ulianzia ndani ya kona, mahali msasa wangu haukufika.

"Umesugua kwa ajili ya macho yangu," alisema taratibu. "Anayekaa na jiko ni Hamisi."

Kisha akanieleza. Cheche kali huyeyusha chuma kingi, na sehemu yake huganda tena juu kama ngozi ngumu yenye nyufa. Ngozi hiyo haikunjiki, ilhali kibati kile kazi yake yote ni kukunjika. Alinitaka nikate kingine, nimalizie kwa cheche ndogo, kisha niiondoe ngozi yote, hadi kwenye kona.

Hamisi akaniuliza kama mimi ningekaa karibu na jiko lile. Alirudi Ikungi mikono mitupu, na jiko likakaa baridi mpaka nilipomaliza kibati kingine.

Basi, mwanangu, ukiharibu kazi, sema umeharibu, uanze upya. Usiipambe. Aibu yako itapita, ila atakayeungua ni mwenzio. Mungu akupe mkono mtulivu, na watu wakae kwa amani karibu na kila utakachotengeneza.