Tepe za Pinki Madale

Jamani, mie nilimwambia bosi kuwa njia zote za baiskeli kwenye vilima vya Madale nazijua. Uongo mtupu! Nilikuwa nafuata tu tepe nyekundu alizofunga mwenzangu mitini.

Jumamosi nikaongoza Waitaliano wawili waliozoea milima ya kwao. Kwenye njia panda, tepe zikaisha. Kushoto nikaona za pinki. Nikajipa moyo kwamba jua limezipausha.

Tukateremka kasi, tukaibukia uani kwa watu, kwenye kicheni pati iliyopambwa kwa tepe zilezile za pinki. Wanawake tu, bibi harusi anafundwa, nami nimevaa kaptura ya kubana.

Mama mkwe wangu, kumbe naye alikuwa mwalikwa, akanirushia khanga bila kunitazama.

"Jifunge kwanza, baba. Kama umekuja kufundwa, kaa pale karibu na mwali."