Aliyepiga Solo Katika "Wahida Umekawia"

Ukitaka kumjua Twalib, fundi cherehani wa Bagamoyo, usimuulize habari za cherehani. Muulize nani alihama bendi gani mwaka themanini na tatu, akaenda wapi, na aliahidiwa nini huko. Atakwambia kuna mpiga tarumbeta aliyehama kwa ajili ya godoro. Atakutajia na unene wa godoro.

Yeye mwenyewe alikuwa katibu wa Chumvi Jazz, bendi ya shirika la chumvi. Enzi zile bendi nyingi zilikuwa mali ya mashirika, na mwanamuziki aliandikwa karani au mtunza ghala ili apate mshahara. Twalib alikuwa mtunza ghala ambaye hakuwahi kuliona ghala. Jukwaani alipiga manyanga.

Lakini mjini aliheshimiwa kwa jambo jingine. Mwaka themanini na nne Chumvi Jazz walirekodi "Wahida Umekawia", na kila wimbo ule ulipopigwa redioni mtangazaji alisema: kwenye gitaa la solo, Twalib. Kwa sifa hiyo alimpata Habiba, aliyekwisha kukataa wachumba wawili, mmoja wao mwenye duka. Na kwa sifa hiyo hiyo, Jumamosi moja mwaka huu, kijana Walid wa redio ndogo ya mjini alimwalika awe jaji wa shindano la maswali kuhusu muziki wa miaka ya themanini.

Ukumbi ulijaa tangu saa tatu asubuhi. Habiba alikaa mstari wa mbele. Mpaka adhuhuri walikuwa wamebaki washindani wawili: Praful, muuza vipuri vya baiskeli, na Sabiha, msichana wa miaka kumi na tisa kutoka Fukayosi.

"Swali la mwisho," Walid akasema. "Nani alipiga solo katika 'Wahida Umekawia'?"

Watu wakacheka. Jibu lilikuwa limekaa kwenye kiti cha jaji, limevaa kofia.

Sabiha akawahi kunyoosha mkono. "Mikdad wa Fukayosi. Babu yangu."

"We binti, mwenye solo si huyo hapo mbele yako!" mtu akapaza sauti.

"Mwacheni bwana," Praful akasema. "Ananipa ushindi, nyie mnamzuia."

Walid akatabasamu kwa huruma. "Pole, dada. Fomu ya studio inasema Twalib."

"Fomu ilijazwa na nani?"

Walid hakujua. Twalib alijua.

Wiki ile ya kurekodi, mpiga solo wao alikuwa amehamia bendi nyingine iliyomwahidi pikipiki. Wakamwazima Mikdad, mpiga gitaa wa bendi ya shirika la magunia. Mwanamuziki akibainika kurekodi na bendi ya watu, alipoteza kazi na nyumba siku moja. Mikdad akaingia studio amevaa kofia ya mkewe, akapiga, akaondoka. Fomu ilitaka jina. Twalib, mwenye mwandiko mzuri, akaandika lake. Kwenye mstari wa manyanga akaandika "wengineo".

Basi, ilikuwa siri ya kumlinda rafiki. Lakini shirika la magunia lilikufa, la chumvi likalifuata, na hakukuwa tena na wa kumfukuza Mikdad. Twalib akaendelea kunyamaza. Miaka yote hiyo mtu alilima mananasi huku kazi ya vidole vyake ikimpa mwingine salamu za heshima njiani. Huo ni wizi, hata kama mwizi ana mwandiko mzuri.

Walid akamgeukia. "Mzee Twalib, tumpe Praful?"

Twalib akamtazama Habiba. Habiba alikuwa anamtazama yeye.

"Binti amepata," Twalib akasema. "Fomu niliijaza mimi. Mimi nilipiga manyanga."

Habiba akajitengeneza mtandio.

"Miaka thelathini na tisa nimeishi na mpiga solo," akasema, "hata waya wa gitaa sijauona ndani. Ulidhani nadhani umeuficha wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Twalib hakucheka. Akamwomba Sabiha ampigie babu yake simu, na Sabiha akafungua sauti ili wote wasikie.

"Mikdad, hujambo?"

"Sijambo. Nani mwenzangu?"

"Twalib. Nimesema mbele ya watu. Solo ni yako."

"Yote?"

"Yote."

"Na pale nilipoteleza, baada ya ubeti wa pili?"

Pale Twalib alikuwa amepatetea miaka arobaini, akiwaeleza vijana kuwa si kosa, ni ufundi.

"Na pale," akasema.

"Hapana bwana," Mikdad akasema. "Pale baki napo wewe. Umeshapazoea."