Nimepikia matanga ya Lanet miaka na miaka, na kaburi la mama yangu silijui

Wakuu, pokeeni salamu kutoka Lanet.

Ilikuwa ule mwaka kabeji zilijaa huko Molo na Elburgon mpaka wenye shamba wakafungulia ng'ombe wazile.

Kila nyumba ilikula kabeji. Kabeji na ugali, kabeji na chapati, kabeji ndani ya githeri. Hata kwa matanga tulipika kabeji, na mwenye kuzipika nilikuwa mimi. Kwa hivyo huo mwaka siwezi kuusahau.

Nitawaeleza vile ilikuwa, na pale nilikosea nitasema nilikosea. Nilisoma mpaka darasa la nne na naandika na kidole kimoja. Mkiona herufi imepotea njia, endeleeni tu.

Mimi ni cucu wa wajukuu kumi na mmoja. Mmoja anasomea u-nurse, na ndiye alinifungulia hii account. Hiyo nasema tu mjue.

Sasa.

Huku kwetu mtu akifa, kabla watafute pastor walikuwa wananitafuta mimi.

Niko na sufuria nne ambazo mtu mzima anaweza kuogea ndani. Niko na mwiko mrefu kama jembe. Niambie watu mia tatu, naangalia viazi kwa macho tu na najua kama vitatosha. Kuna mama mmoja alijaribu kuninyang'anya hiyo kazi. Wali wake ukaungua chini, juu ukabaki mchele. Wakanirudia.

Sikuwa naenda kwa sababu ya huruma. Wengine sikuwajua hata sura, jina nilikuwa nalisikia likisomwa kwa programme nikiwa jikoni. Nilikuwa naenda kwa sababu watu walikuwa wanasema, "Bila Cucu hatuziki." Hiyo maneno ilikuwa tamu kwangu kuliko nyama.

Na matanga ya huku si ya siku moja, mnajua. Kuna kukutana kila jioni kupanga. Kuna kwenda soko, kuna kumenya, kuna siku yenyewe, kuna kurudisha viti na vyombo vya watu. Maiti mmoja anakula wiki nzima. Akitoka huyo, mwingine anaingia.

Miaka ilienda hivyo, mimi nikiwa nimefunga leso kiunoni.

Niko na dada mmoja tu, ananipita na miaka minane. Anaitwa Wambui, lakini mimi namwita Mama Njeri. Anakaa juu kule Sachangwan, kwa baridi.

Tulizaliwa si mbali na hapo, kwa shamba la mzungu, wazazi wetu wakichuna maua ya pareto. Mama alikufa nikiwa bado nanyonya. Alizikwa hapo hapo shambani. Hakuna msalaba, hakuna simiti. Baba akatuhamisha kabla mwaka uishe, na yeye pia alishaenda kitambo.

Mtu alibaki na hiyo pahali kwa kichwa ni Mama Njeri peke yake. Siku ya kuzika alikuwa amesimama hapo, mimi nikiwa mgongoni mwake.

Huo mwaka wa kabeji akanipigia simu. Daktari alikuwa amemwambia ni presha ya macho, na ile nuru imeshaenda haiwezi kurudi.

"Njoo nikuonyeshe mahali mama alilala," akaniambia. "Saa hii bado naona."

Nikamwambia nakuja, wacha tumalize kuzika mzee mmoja hapa.

Wiki ingine akapiga tena. "Uko njiani?"

"Kuna mama mwingine ametuacha Jumapili."

"Ni nani yako?"

"Ni wa hapa tu."

"Anaitwaje?"

Sikuwa nimejua bado.

Halafu akaniuliza, "Kwani huko Lanet mmebaki wangapi?"

Nilicheka sana. Hata kwa kamati ya matanga niliwaambia, nao wakacheka. Lakini kwenda sikuenda.

Wakuu, msifikiri sikuwa nampenda. Ni vile maiti ako na tarehe. Imeandikwa, tent imeitishwa, watu wameambiwa. Dada yako mzima hana tarehe. Unaona ni mtu wa kungoja, kwa hivyo unamweka nyuma, na unamweka nyuma tena. Na hakuna mtu anaweza kukulaumu, kwa sababu kila siku wewe uko kwa kazi nzuri.

Mimi hiyo kazi nzuri niliifanya mpaka mwaka ukaisha.

Nilipoenda, kabeji zilikuwa zimeisha sokoni na watu walikuwa wamerudia sukuma wiki. Nilimkuta amekaa nje kwa stuli, anaota jua. Nikafungua gate.

"Nani huyo?" akauliza.

Nilifikiri ananitania, kwa sababu huyo hutania. Nikaenda mpaka mbele yake, nikasimama.

"Nimeuliza ni nani."

Hapo nikajua nimechelewa.

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi wa sufuria."

Akasogea kidogo kwa stuli, kama mtu anaangalia. "Leo hakuna mtu amekufa?"

Nikakaa chini karibu na stuli yake.

Kesho yake asubuhi tukaenda huko shambani, mimi nikimshika mkono. Ile shamba ilikatwa vipande kitambo sana, kila mtu na chake. Mama Njeri alikuwa ananiambia alama. Tafuta dipu ya ng'ombe, ile ya kuwaogeshea dawa. Ukitoka kwa dipu utaona nyumba ya kukaushia pareto. Katikati kuna jiwe kubwa limekaa kama ng'ombe amelala. Mama ako upande wa chini wa jiwe.

"Unaona dipu?"

"Naona mahindi."

"Na nyumba ya kukaushia?"

"Kuna kanisa ya mabati."

"Basi tafuta jiwe."

Mwenye shamba alitoka akatusalimia, mtu wa adabu. Akasema, "Cucu, hapa mawe yote baba yangu alipasua kokoto akijenga nyumba. Lakini tembeeni tu, hakuna shida. Chungeni tu mahindi."

Tukatembea. Mama Njeri anasimama, anakanyaga chini na kisigino, anasema hapana, twende mbele kidogo. Halafu anasema tumepita.

"Ningekuwa na macho ningejua kwa ile milima ya huko ng'ambo," akasema. "Kuna pahali ukisimama, miwili inakuwa kama mmoja."

"Milima iko pale, lakini ni mingi," nikamwambia.

Na nikamwonyesha na kidole. Mtu haoni, namwonyesha na kidole.

Mimi sikutaka kuacha. Nilikuwa naenda laini moja ya mahindi, narudi na ingine, nikiangalia chini kama mtu ameangusha sindano. Niligeuka nikapata amekaa kwa udongo, miguu ameinyoosha.

"Wacha sasa," akaniambia.

"Nitapata tu."

"Mama hana haraka. Mwenye haraka ni mimi. Twende nyumbani unipikie, na usipike ya watu mia tatu."

Tukarudi nikapika. Chakula ya watu wawili ilinishinda, wakuu. Sikuwa nimeshika sufuria ndogo hivyo tangu mzee wangu aende. Chumvi ilizidi, viazi vikavurugika. Alikula yote, akisema kila kijiko ni mbaya.

Tangu hiyo siku naenda huko kila Alhamisi, narudi Ijumaa. Alhamisi ndiyo Njeri, binti yake, anaenda soko ya mbali kuuza viazi, na yeye anabaki peke yake.

Hakuna kitu kikubwa tunafanya. Tunamenya waru, yaani viazi. Haoni, na bado anamenya laini kunishinda. Ananikosoa vile nakohoa, vile naweka kikombe. Siku ingine ananiambia habari ya mama. Ati mama alikuwa mrefu. Ati akicheka alikuwa anafunika mdomo na mkono.

Mimi nilikuwa najua mama yangu alikufa. Kwamba alikuwa anacheka, hiyo nilikuwa sijawahi kufikiria.

Kaburi hatukupata, na sioni kama tutapata. Hiyo nimeikubali. Iliisha na macho ya Mama Njeri, nikiwa kwa matanga ya mtu sijui jina.

Chenye nilijifunza ni kidogo. Kuwa na shughuli mingi si kutumia siku vizuri. Angalia ni nani anakuita akiwa hai, enda kwa huyo kwanza. Na ukiwa unapenda kusifiwa kama mimi, jua sifa ndiyo itakula siku zako zote na utafikiri ni wema.

Andikeni hapo chini ni nani mmekuwa mkimwambia "nakuja". Msiniambie pole, niambieni mnaenda lini. Na mwenye anataka kusema naharibu desturi, aseme pia. Nitasoma yote, polepole.

Mwenye ataniuliza kama nimeacha matanga, jibu ni hii ya juzi.

Chairman wa kamati alikuja kwangu mwenyewe, na gari, na akina mama wawili wamevaa vizuri. Akaniambia kuna mtu mkubwa ameaga, wageni watatoka mpaka Nairobi. Tunazika Alhamisi.

Nikamwambia, "Alhamisi mimi siko. Mtafuteni mwingine, sufuria ndizo hizo."

Akacheka. Akaangalia wale mama, nao wakacheka. "Cucu, huyu tunamzika mara moja tu. Dada yako si atakuwa huko hata wiki ijayo?"

Nikaingia nyuma ya nyumba, nikavuta sufuria ya kwanza mpaka mlangoni, nikavuta ya pili. Walikuwa wameacha kucheka.

"Alhamisi mimi siko. Mtafuteni mwingine, sufuria ndizo hizo."