Pedeli ya Kushoto

Juzi kijana wa bodaboda aliniletea baiskeli ya marehemu babu yake hapa kibandani kwangu Magamba. Pedeli ya kushoto ilikuwa imeshika kutu. Akashika spana mwenyewe, akaanza kuvuta kwa nguvu zake zote. Nikamwambia, "Acha. Unakaza." Akacheka, akadhani nimeanza kuzeeka vibaya. Lakini mimi, ndugu yangu, harufu ile ya kutu na mafuta ya taa ilikuwa imeshanirudisha Mlola, uwanjani kwa bibi yangu.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa. Baba alifariki akaacha baiskeli yenye pedeli zilizopinda, na pedeli mbili mpya ndani ya karatasi yenye grisi, hakuwahi kuzifunga. Siku ya kumaliza matanga wazee wa ukoo wakaamua: mtoto akiitengeneza kabla shule hazijafunguliwa, ni yake. Akishindwa, aichukue baba mdogo. Nilikuwa nimemaliza darasa la nne, na darasa la tano lilikuwa ng'ambo ya bonde. Milima yetu unaijua: nusu ya njia unapanda baiskeli, nusu nyingine yenyewe inakupanda wewe begani. Hata hivyo, bila baiskeli hapakuwa na shule.

Baba mdogo ndiye alikuwa fundi baiskeli wa kijiji. Siku ya mazishi ya baba alinibeba mabegani mpaka nyumbani. Kwenye shamba la pamoja yeye ndiye aliyeegemea jembe akatuhubiria undugu, kwamba kila kitu ni chetu sote. Nilimpenda, sina haja ya kuficha.

Aliniazima spana. Ya kulia ikatoka bila shida. Nikamuuliza, "Na ya kushoto, baba mdogo?"

"Hivyo hivyo, mwanangu. Zungusha kama hiyo."

Nikazungusha. Ukungu ukipanda kutoka bondeni, bibi akisonga bada, ugali wa muhogo, jikoni, mimi niko uwanjani nimening'inia kwenye spana. Bibi akamwaga mafuta ya taa ya koroboi yake juu ya kutu, akalala gizani bila kulalamika. Akaweka makaa kwenye kigae chini ya chuma, kipate joto. Jirani akaja naye akavuta, upande ule ule, akatoka jasho, akasema, "Pedeli hii imefunga ndoa kanisani, haiachiki." Tukacheka. Mwishowe nikachomeka bomba kwenye mpini wa spana, nikavuta kwa uzito wangu wote. Kitu kikalia kama mfupa unaovunjika. Meno ya ndani ya mkono wa pedeli, pale inapofungwa, yalikuwa yamekatika.

Baba mdogo alikuja, akainama, akatazama, akatikisa kichwa. "Basi, mwanangu. Imekufa hiyo." Akaisukuma kwenda kwake.

Shule zilipofunguliwa nilikuwa napalilia viazi kando ya njia. Mwana wa baba mdogo akapita juu ya baiskeli ya baba yangu. Mkono wa pedeli ulikuwa mwingine, wa kibandani kwa baba yake. Pedeli zilikuwa zile mpya. Hata hapo sikumdhania mtu ubaya. Niliona nimeshindwa, basi.

Baada ya mavuno bibi akanituma nimpelekee baba mdogo viazi. Nikamkuta anafungua pedeli ya kushoto ya baiskeli ya mwalimu. Spana aliisimamisha juu, akaivuta kuelekea gurudumu la nyuma. Ikalegea mara moja. Mimi nilikuwa navuta kuelekea mbele.

"Baba mdogo, mbona unazungusha huko?"

Hakuinua macho. "Ya kushoto ndivyo ilivyo. Hukujua?"

Nikaweka viazi chini nikaondoka.

Ufundi niliuokota mwenyewe, barabarani, na umenijengea nyumba ya matofali. Mwanawe alisoma, akawa ofisa. Tukikutana ananisalimia vizuri, naye hana kosa. Bibi hayupo, shamba la pamoja limegawanywa, na baiskeli sasa ni chuma cha kuuzwa kwa kilo. Yule kijana wa bodaboda nilimwonyesha: juu, kuelekea nyuma, pande zote mbili. Ikatoka, akaduwaa.

Baba mdogo nilimpa shikamoo yake kila tulipokutana mpaka alipokufa, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Marahaba yake sikuwahi kuingoja.