Mfupa wa kifua changu unacheza, binti yangu hajui

Admin, kama umenizidi umri shikamoo, kama sivyo marahaba. Jina langu lifiche kabisa maana Bangwe nzima inanijua. Naandika kwa kidole kimoja, shule niliishia darasa la pili, mkikuta nimekosea someni hivyo hivyo.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na nane, fundi wa boti za mbao. Kuanzia Ujiji mpaka Mwamgongo ukiona boti kuukuu ambayo bado haiingizi maji, muulize mwenyewe nani aliiunda, utatajiwa mimi. Sijisifu, ndivyo ilivyo. Mwaka huu pumzi ikaanza kunikatikia njiani, binti yangu wa Dar es Salaam akanichukua nikapimwe, wakasema mlango mmoja wa moyo umeharibika. Wakanipasua kifua katikati, wakaweka mlango wa chuma, mfupa wakaufunga kwa waya. Leo ni siku ya ishirini na tatu.

Nesi aliniambia, "Babu, miezi mitatu usiinue kitu kizito kupita birika la chai. Usivute, usisukume. Ukikohoa kumbatia mto." Nikamwambia mimi nimebeba magogo kabla mama yake hajazaliwa. Daktari alitaka nikae Dar kwanza, nikagoma, siku ya kumi na tano nikapanda ndege nikarudi Kigoma. Binti yangu aliniaga analia.

Mlango huu wa chuma unasikika. Nyumba ikiwa kimya unausikia, tik, tik, kama saa ya ukutani. Mke wangu ni Mrundi, akiamka anatega sikio ananiambia, "Mutama," yaani mzee kwa kwao, "leo unagonga vizuri." Sauti hiyo nimeizoea, siyo inayonitisha.

Sasa nieleze kosa langu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alivuka kuja kwetu wakati wa vita vyao vya zamani. Nilimpokea, nikamfundisha ufundi. Mwaka huu wakimbizi wanashuka tena kutoka Burundi, na kwake wamejaa ndugu wanalala mpaka jikoni, kwa hiyo ameunda boti yake mwenyewe apate kuwalisha. Na kwetu hapa boti mpya haiingii ziwani mpaka fundi aliyemfundisha muundaji aishike pua na kuanzisha wimbo wa kuvuta. Kushika tu na kuimba, siyo kuvuta.

Nikaenda. Mke wangu alinilazimisha nichukue ule mto, ana kitambaa chekundu cha maua. Vijana wa pale ufukweni walipouona wakaanza. Mmoja akasema, "Mzee wewe lea mtoto wako huyo, boti tuachie sisi." Watu wakacheka, na wanawake waliokuwa wanaanika dagaa nao wakacheka. Nikautupa mto mchangani nikashika kamba.

Shemeji akaja mbio. "Shemeji, weka mkono tu inatosha. Dada ataniua mimi."

Nikamwambia mbele ya watu wote, "Wewe ulishuka hapa mkimbizi una gunia moja. Nyundo ya kwanza kushika nilikupa mimi. Leo unanipangia?"

Aliinama akaokota mto wangu, akawa anaukung'uta mchanga. Mimi nikaanzisha wimbo nikavuta. Mvuto wa kwanza sawa, wa pili sawa, wa tatu nikasikia mlio ndani ya kifua, ka. Boti ikaingia majini watu wanashangilia, mimi nimesimama nimefunga mdomo kwa sababu hewa haitoki.

Hiyo ni siku ya nne sasa. Nikikohoa au nikigeuka kitandani mfupa unasogea. Nikiweka kiganja nasikia pande mbili zinasuguana. Jamani, mimi ni fundi, sauti ya ubao ulioachia msumari naijua hata nikiwa nimefumba macho. Tangu jana kidonda kwa chini kinatoa maji, yana rangi ya njano. Nabadilisha shati mwenyewe, mke wangu nimemwambia ni jasho.

Shemeji anakuja kila asubuhi na migebuka. Anasimama mlangoni, haingii. "Shemeji, kama nilikuvunjia heshima mbele za watu, nisamehe." Yeye ndiye anayeniomba msamaha mimi. Nami napokea samaki, namwambia yameisha. Akiondoka nashindwa kula.

Nimepata dhoruba ziwani mara nyingi, sikuwahi kutetemeka. Sasa natetemeka. Wodini jirani yangu wa kitanda mfupa wake uliachia hivi hivi, wakamrudisha kufungwa upya. Kesho yake kitanda kile wakamlaza mtu mwingine. Sikuuliza yule wa kwanza yuko wapi, na mpaka leo sijui. Nikisema, watanipasua tena. Nisiposema, nayaona haya maji ya njano.

Binti yangu hupiga simu kila siku saa kumi na mbili jioni. Huuliza, "Baba, kifua kinasemaje?" Humjibu, "Tik tik tu mwanangu, kama saa." Anacheka, analala na amani. Siku nne namdanganya.

Sasa hivi ni saa kumi na nusu. Nimekaa uani nimeukumbatia ule mto mwekundu, hata sikohoi, na anayepita njiani ananiona, sijali tena. Simu ni hii hii ninayoandikia, itaita mkononi mwangu. Nishaurini ndugu zangu, nianze kumwambia nini, na shemeji nimwambie nini. Msinichekeshe wala msinitukane, nikicheka panauma. Andikeni upesi kabla haijaita.