Fundi Anayevunja Zege Lake Mwenyewe

Saa moja asubuhi, fundi mwashi amepiga magoti uani kwa mteja, patasi mkono wa kushoto, nyundo wa kulia, anavunja zege. Ni gumu kweli. Alilimwaga mwenyewe, na kazi yake haijawahi kuwa ya kulipua.

"Fundi, limekukosea nini?" anauliza muuza mkaa akipita na mkokoteni.

"Limekataa kuvunjika," anajibu bila kuinua kichwa.

Mtaa huu unashuka kama ngazi kutoka barabarani hadi mtoni. Alipohamia, miaka ishirini iliyopita, nusu yake ilikuwa bustani za mboga. Watu wakaja, vyumba vikazaa vyumba, na kila mwenye nyumba akataka ua usio na tope. Fundi akawamwagia zege, mmoja baada ya mwingine.

"Limenisomeshea watoto, silitukani," anasema. "Ila maji hayana tena pa kuzama. Yakianguka juu, yote yanakuja chini."

Mvua nazo si zile. Siku hizi ya wiki nzima inamwagika mchana mmoja. Wahandisi wa manispaa waliwaambia wakazi kikaoni kwamba joto la dunia litazidi kuzifanya nzito, na ujenzi ukiendelea hivi, hasara za mafuriko zitapanda mwaka hadi mwaka.

Nyumba ya mwisho, karibu na mto, ni ya mshonaji anayeitwa Mama Pacha. Msimu uliopita maji yalipopanda, fundi alikuwa kibaruani ng'ambo ya mto, daraja limefungwa. Mama yake mzazi, ambaye miguu haimsaidii, alikuwa peke yake nyumbani kwao, jirani na mshonaji huyo. Mama Pacha akawapeleka wanawe juu, akarudi, akambeba bibi mgongoni mpaka barabarani. Aliporudi tena, cherehani ilikuwa imekwenda na maji.

"Angeweza kuanza na cherehani," fundi anasema, na nyundo inatulia. "Ndiyo inayomlisha. Akaanza na mama yangu. Sasa mimi nishukuru kwa mdomo tu?"

Mama Pacha hataki sifa. "Bibi yule mwepesi," anasema, akikanyaga cherehani ya kuazima. "Kizito kilikuwa maneno. Njia nzima, pita huku, si huko, pita huku."

Tangu mvua zikatike, fundi anafungua nyua za juu bila malipo kabla ya kwenda kibaruani. Anaacha njia ya kukanyagia, kwingine anarudisha udongo na kokoto ili maji yazame. Wenye nyumba sita wamekubali, naye anawaombea heri kila mmoja.

Amebaki mmoja, mwenye ua mkubwa kuliko wote, anapoegesha magari. Amesema hakulipia zege ili livunjwe. Na bila ua ule, mvua zijazo zitaingia tena kwa Mama Pacha.

Jumapili fundi atamrudia, amweleze kwamba hata kokoto hubeba magari. Nyumbani, mama yake ameshatangaza kwamba safari hii wanakwenda wote.

"Nitakaa kizingitini kwake mpaka akubali," anasema bibi, akijifunga kanga vizuri.

"Na akikataa, mama?"

"Basi atanibeba yeye kunirudisha huku chini. Njiani nitamwonyesha maji yanapopita."